Jamani, Mimi Nilishahubiriwa

Nina malalamiko, na sitaki kuyapitisha kwa mjumbe wa nyumba kumi. Nayapeleka moja kwa moja kwa wahusika: enyi wahubiri wa mji huu wa Dar es Salaam, roho yangu imewakosea nini? Mji una mamilioni ya watu wa kila namna, wakiwemo matapeli wa viwanja wanaojulikana kwa sura na kwa namba za simu. Lakini kila mwenye Biblia ya zipu anayetoka kwake asubuhi akimwomba Mungu amwonyeshe mwenye dhambi mmoja tu, anaonyeshwa mimi.

Niseme mapema, kabla sijaanza kuombewa. Mimi ni Mkristo. Tena si wa Krismasi na Pasaka tu. Natoa ahadi, nina bahasha yenye namba, na kwenye kwaya ya wazee naimba besi ambayo mwalimu wa kwaya ameomba kwa upole ipunguzwe. Ni Mmoraviani wa Rungwe. Kanisa letu linahesabu umri wake kuanzia mwaka 1457 huko Bohemia, maana yake Martin Luther alipozaliwa mwaka 1483 alilikuta lina miaka 26. Mwaka 1732 lilikuwa limeshatuma wamisionari visiwa vya Karibi, na mwaka 1891 wakafika Rungwe, Wajerumani waliodhani wanaijua baridi mpaka walipolala kwetu mwezi wa saba. Babu alibatizwa, baba alibatizwa, mimi nikabatizwa na kipaimara nikapata. Halafu Jumamosi saa tatu asubuhi, kijana ambaye ndevu zake bado zinajadiliana kama zitoke au zisitoke anasimama getini na kuniuliza: “Shikamoo baba. Baba, umewahi kusikia habari za Yesu?”

Marahaba, mwanangu. Nimewahi kuzisikia.

Hapo ndipo mwenzake, maana huja wawili wawili, anatoa swali kubwa, lile wanalofundishwa kwenye semina: “Baba, ukifa usiku wa leo, utakwenda wapi?”

Nitakwenda Tukuyu. Hilo halina mjadala, niulize wakati wowote utakao. Kamati itakaa hapa hapa uani, daftari la michango atashika shemeji yangu, Mungu atamjua. Kosta itaondoka alfajiri, watakunywa chai Makambako, wengine watashuka Mbeya wakidai wana shughuli, na mimi nitafika nyumbani nikiwa nimetulia kuliko abiria wote. Kijana ananitazama kwa huruma. “Hapana baba, tunazungumzia roho.” Roho, mwanangu, itakuwa imetangulia, maana yenyewe haichangiwi nauli.

Lakini simlaumu sana huyu wa getini. Ana shikamoo, ana soksi safi, na ukimwambia una mgonjwa ndani anamwombea mgonjwa na kuondoka. Wa kwenye daladala hana pa kuondokea, wala wewe huna. Anapandia Banana, anajibana kati ya konda na mtu aliyepakata ndoo ya dagaa, anakohoa. “Bwana Yesu asifiwe!” Kimya. “Bwana Yesu asifiwe saaana!” Mama mmoja kiti cha nyuma anaachia ameni ya kumsitiri.

Ndipo utakapoujua usanii wa abiria wa Gongo la Mboto. Kuna anayepitiwa na usingizi papo hapo, na dakika ile ile alikuwa anagombania chenji ya shilingi mia. Kuna anayeweka simu sikioni akaanza kumshauri mtu juu ya mirathi, anashauri kwa uchungu kabisa, mpaka simu inaita kweli ikiwa sikioni. Kuna dada mwenye visikilizio masikioni. Nimeufuata ule waya kwa macho, umeishia kwenye pochi isiyo na simu.

Zamani mhubiri wa daladala alikuwa na nafasi. Foleni ya Tazara ilimruhusu aanze na Adamu, ampitie Nuhu, apumzike kwa Ibrahimu, na kama kuna msafara wa kiongozi tunasubirishwa, tulifika hadi manabii wadogo. Tangu daraja la juu la Mfugale lifunguliwe pale mwaka 2018, magari yanapita, na mahubiri yamebidi yakatwe. Siku hizi tunaingilia moja kwa moja kwenye ziwa la moto.

Asubuhi moja gari limeshona, mhubiri akafika kileleni. Amefumba macho, jasho linamtoka. “Nani yuko tayari kumpokea Bwana sasa hivi? Nyoosha mkono wako juu, usione aibu!” Sasa, sisi tuliosimama mikono yetu ilikuwa juu tangu Ukonga. Tumeshika bomba. Mhubiri akafumbua macho, akaona mkono, na mkono, na mkono, mpaka kule nyuma kabisa. Sauti ikamkatika. “Asante Yesu! Naona mikono mingi! Naona mikono mingi sana!” Na hakuna aliyethubutu kushusha wake, maana dereva alikuwa anafukuzana na gari la Chanika. Tukaongozwa sala ya toba tukiwa tunaning'inia, konda naye akifuatisha huku anadai nauli, “Nakuja kwako, ee Bwana, wewe dada wa kilemba hujanipa, nisamehe dhambi zangu.” Mahali fulani mjini hapa kuna daftari la huduma ambamo daladala nzima imeandikwa kuokoka, wakiwemo wazee kadhaa wa kanzu waliokuwa wanakwenda kuhani msiba Buguruni.

Kati ya wokovu na sadaka hazikupita dakika mbili. “Aliyeguswa ambariki mtumishi.” Hapo mikono yote ikashuka, gari likaenda hivyo hivyo bila mtu kushika kitu.

Najua kuna atakayenisomea Katiba. Naijua. Ibara ya 19 inasema kutangaza na kueneza dini ni jambo huru na la hiari ya mtu binafsi, na mimi ningekuwa wa mwisho kutaka iguswe. Ninachouliza ni kimoja: hiari yangu mimi, niliyelipa nauli, inakaa upande gani wa gari?

Mke wangu husema tatizo langu ni kukosa subira. Subira! Haya, tuzungumze habari za subira. Mwaka 1844 alifika Mombasa Mjerumani mmoja aliyeitwa Johann Ludwig Krapf. Mwaka haujaisha, mke wake Rosine na mtoto wao mchanga walikuwa wameshazikwa ng'ambo ya kisiwa. Hakupanda meli akarudi kwao. Mwaka 1846 akaja mwenzake, Johannes Rebmann, wakaenda kukaa Rabai kwa Wamijikenda. Krapf hatimaye aliondoka kwa maradhi, Rebmann akabaki. Akabaki mpaka mwaka 1875, miaka 29, na aliporudi Ujerumani alikuwa kipofu. Kwa miaka mingi waliobatizwa pale Rabai walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza anayetajwa ni Mringe, mtu mlemavu, mgonjwa taabani. Hapakuwa na mikono mingi.

Tena Rebmann alikuwa na mikosi yake ya pekee. Mwaka 1848 aliuona Mlima Kilimanjaro, akaona juu yake kuna theluji, akaandika Ulaya kueleza. Wataalamu wa jiografia huko London wakamwona ameota: theluji itoke wapi karibu na ikweta? Hebu jiweke mahali pake. Warabai hawaamini unayowaambia kuhusu mbinguni, na wenzako Wakristo hawaamini unayowaambia kuhusu mlima ambao umeuona kwa macho yako.

Alichokuwa anakifanya miaka yote hiyo, pamoja na kuhubiri, ni kukusanya maneno. Yeye na Krapf walikuwa watu wa makamusi. Na kamusi ni kazi ya adhabu kwa mhubiri, maana huwezi kuiandika huku wewe ndiye unayezungumza peke yako. Unakaa kwenye kigoda, unamuuliza mzee wa watu, hiki mnakiitaje, na kile je, anakuambia, unaandika, anacheka unavyotamka, unafuta, unauliza tena. Sisemi wamisionari walikuwa malaika. Wengi waliofuata walikuja na bendera nyuma yao, na sehemu kubwa ya walichokiita shetani ilikuwa ngoma zetu tu. Lakini huyu mtu alikaa akasikiliza watu karibu miaka 30. Wa kwetu anataka mavuno kati ya Banana na Tazara.

Na mavuno yenyewe ya nani? Hapa ndipo uchungu wangu ulipo. Wanajiita wavuvi wa watu, na ni jina zuri. Lakini mvuvi ninayemjua mimi hutweka tanga usiku akaenda kupigwa na mawimbi. Hawa wameamka asubuhi, wakaichukua ndoana hadi Feri, wakaitumbukiza kwenye beseni la muuza samaki, na kila wakimtoa changu aliyekwisha kununuliwa wanapiga haleluya. Mlutheri anaokolewa na Mpentekoste. Mpentekoste anachukuliwa na nabii wa maji ya upako. Wa maji anahamia kwa nabii wa mafuta, kwa sababu maji yamepanda bei. Mtoto wa nabii anampenda binti wa Kikatoliki, anafundishwa, anafunga ndoa Parokia. Watu ni wale wale, tunazunguka tu, na mwisho wa mwaka kila mmoja anasoma taarifa ya ongezeko. Ukizijumlisha zile taarifa zote, mji huu tungekuwa tumeshaokoka hadi mbuzi.

Wakati huo huo, ukuta wa kushoto kwangu anakaa mzee mmoja Mwislamu, mtu wa Kilwa, fundi cherehani aliyestaafu. Huyu hagongewi mlango. Vijana wakifika kwake wakaona kofia ya kiua imeanikwa na birika la kutawadhia liko kizingitini, wanatoa shikamoo nzuri kuliko ninayopewa mimi, kisha wanakaza mwendo. Na jambo hili linamkera mzee wa watu kuliko linavyonikera mimi.

“Jirani,” ananiambia, “hawa watoto wenu wananionaje? Mimi sina roho?”

“Unayo, mzee. Wanakuogopa.”

“Wananiogopea nini? Mimi nimestaafu.”

Sababu ipo, na anaijua. Walijaribu. Zamani kidogo wawili waliingia uani kwake, akawakaribisha mkekani, akawatilia kahawa, akawasogezea kashata. Wakaanza kumweleza habari za Yesu mtu ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka yote ya 1990, wakati mihadhara ya dini imepamba moto viwanjani Dar es Salaam, Waislamu wakisoma Biblia hadharani na Wakristo wakichambua tafsiri za Kurani, alikuwa anafunga cherehani mapema ili apate nafasi ya mbele. Biblia anaijua kwa sura na aya. Aliwasikiliza mpaka mwisho, hakuwakatiza hata kidogo, kisha akawaomba wafungue Yohana 14:16 wamweleze huyo Msaidizi anayetajwa hapo ni nani. Wakatazamana. Wakasema hilo ni swali zito, ngoja wamlete mchungaji.

Mchungaji anasubiriwa mpaka leo.

Nikamuuliza, mzee, wewe ulitaka wakujibu nini hasa? Akasema jibu lake analo, tangu mwaka 1991 analo. Alichotaka ni mtu wa kubishana naye. Tangu aache kazi hakuna anayembishia isipokuwa mke wake, na yeye hushinda.

Mimi naona hapo ndipo uinjilisti wetu ulipofia, juu ya mkeka ule, kahawa haijapoa. Si kwa sababu vijana hawakuwa na jibu. Wangeweza kusema hatujui, tueleze wewe unavyolisoma, nasi tutakuambia tunavyolisoma, halafu wakarudi wiki inayofuata na ile inayofuata. Kashata zilikuwepo. Lakini karatasi yao ya kujaza ilikuwa na sehemu ya “ameokoka” na sehemu ya “amekataa”, haikuwa na sehemu ya “tunaendelea kunywa kahawa”.

Upande wa nyuma kuna kanisa la mabati. Silitaji jina, maana jina lake ni refu kuliko jengo. Ndani wanaenea watu arobaini wakibanana, na hao arobaini wana spika za kutosha uwanja wa Taifa. Nimezichunguza: hazikuelekezwa kwa waumini. Zimetazama nje, kwetu sisi mataifa. Ijumaa usiku ni mkesha. Saa nane za usiku anakemewa shetani kwa sauti inayotikisa vikombe kabatini: “Toka! Nimesema toka! Ondoka katika nyumba hii!” Ikaendelea hivyo mwezi baada ya mwezi, mpaka mpangaji wangu wa chumba cha uani akatii. Ametoka kweli, na kodi hajalipa.

Sheria ipo. Kuna kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, na NEMC, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kila baada ya muda hutoa onyo ambalo ndani yake baa na nyumba za ibada zimewekwa kwenye sentensi moja. Mkristo wa kale ninaumia kusoma sentensi ile. Baa ya mtaani kwetu yenyewe, nisiifiche haki yake, huzima muziki saa sita. Mzee wa Kilwa anasema yeye mkesha unamfaa mwezi wa Ramadhani, haweki saa ya kumwamshia daku. Spika za msikiti nazo tumezijadili, tena kwa kirefu, tukaishia kukubaliana kwamba kelele ni zile za mwenzio.

Mkutano wa nje sasa, wa uwanjani, Jangwani au Biafra au pale Kawe kwenye viwanja vya Tanganyika Packers, huo naupenda. Ndiyo, naupenda. Kuna upepo, kuna karanga, kuna kwaya zilizoshona sare mpya, na mtu asiyetaka anaweza kuondoka bila kumkanyaga mtu wa dagaa. Kero yangu iko kwenye bango. Mhubiri yupo, amevaa suti nyeupe, amenyoosha kidole. Mama mchungaji yupo. Waimbaji wageni wapo, kila mmoja na kiduara chake. Ukimtafuta Yesu humwoni, nafasi imeisha. Halafu mhubiri, mzaliwa wa Singida, anahubiri kwa Kiingereza, na pembeni yake mkalimani, naye mzaliwa wa Singida, anatufasiria sisi. Akikosea mkalimani, mhubiri anamsahihisha kwa Kiswahili.

Wito ukitolewa, wa kwanza kukimbia mbele ni watoto, maana wanataka kukiona kinanda kwa karibu. Wa pili ni bibi mmoja wa mtaani kwetu ambaye hajakosa wito wowote tangu nihamie hapa. Nilimuuliza, bibi, wewe si uliokoka? Akasema aliokoka zamani sana, lakini mbele kuna viti.

Mahubiri ya kwenye simu siyasemi kwa urefu, kila mtu anayo. Saa kumi na moja alfajiri simu inalia, unaruka ukidhani kuna msiba kijijini, kumbe ni picha ya ua, malaika, na agizo la kuwatumia watu kumi kabla ya saa sita mchana. Asiyetuma anatishiwa. Tangu lini Habari Njema ikawa na vitisho vya mkopeshaji?

Nije ukuta wa kulia, maana huko ndiko kwenye jambo langu binafsi. Huyu jirani ameokoka, na furaha ya wokovu wake haina mapumziko. Kila sentensi inaanza na “mpendwa”. Ananishuhudia juu ya ukuta nikiwa napiga mswaki. Amenionyesha katika maandiko, kwa upendo mwingi, kwamba ubatizo wangu wa utotoni haukushika. Namsikiliza. Lakini kila akiinua mkono kuelekeza mbinguni, mimi macho yangu yanashuka chini, kwenye kona ya ua wake, iliko toroli yangu. Aliiazima alipokuwa anachimba shimo la choo. Choo kimekwisha, kimepakwa rangi, kimejaa, kimenyonywa. Toroli iko pale pale, sasa imeoteshwa mchicha.

Wazee wa Uamsho, ule ulioanzia Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 ukaenea Uganda, Burundi, Bukoba na Kenya, walikuwa na utaratibu mzuri juu ya suala la toroli. Mtu akishaokoka, pamoja na kuungama mbele za watu, alizunguka kurudisha alivyoiba na kulipa alivyodaiwa. Jembe la fulani hili hapa, lilikuwa kwangu. Mbuzi wako yule hakuliwa na fisi. Walikuwa na udhia wao pia, mimi nisingependa mtu aungame dhambi zake sebuleni kwangu wakati kuna wageni, na pengine akazitaja na zangu. Lakini kijiji kilijua ameokoka kwa sababu jembe limerudi, na wengi waliokuja kusikiliza kilichowaleta ni hilo jembe. Mpendwa wangu, irudishe toroli, hata na mchicha wake. Ubatizo wangu tutaujadili siku tatu mfululizo.

Najua Walutheri, Waanglikana, Wakatoliki na Wamoraviani wenzangu hapo mlipo mnapiga makofi. Ngojeni. Sisi wa makanisa ya kengele tumejificha nyuma ya msemo mmoja mtamu: sisi tunashuhudia kwa matendo. Mtu anakaa jirani na Mwislamu miaka ishirini, wanajadili Simba na Yanga, bei ya sukari, magoti, wajukuu. Neno moja la imani yake halimtoki, ukimuuliza anasema matendo yake yanaongea. Ukweli ni kwamba anaogopa kuulizwa. Mbaya zaidi, hayo matendo majirani wameyaona. Ukuta wenyewe mfupi.

Ushirika wetu una Kamati ya Uinjilisti. Ni kamati hai, inakutana, inafungua kwa sala na kufunga kwa chai. Mwaka jana iliazimia kwenda nyumba kwa nyumba. Zikashonwa fulana za bluu. Ukapangwa mzunguko, na mzunguko ukapita kwa washirika watupu, kwa sababu huko kuna uhakika wa chai. Wakaja na kwangu. Watu ninaoimba nao kwaya, wamevaa fulana, wananiuliza kama nimewahi kusikia habari za Yesu, nasi tulikuwa tumetoka kuimba habari zake juzi yake, wao sauti ya tatu na mimi besi.

Mzee wa Kilwa alikuwa ameegemea ukuta, anatazama. Akamwita kiongozi wao, mtu mzima mwenye mvi zake, akamuuliza kwa adabu kabisa: “Ndugu yangu, hili nimekuwa nikitaka kulielewa. Nyinyi mnasema Yesu alifufuka na yu hai. Sasa Ijumaa Kuu mnamlilia nani?”

Swali zuri, wala si la mtego. Mtu akiketi chini akalijibu polepole, amesema imani yote ya Kikristo bila kipaza sauti. Kiongozi wetu akatikisa kichwa kwa heshima, akatoa kalamu, akasema, “Mzee, hilo tunalichukua, tutalifikisha kwenye kikao.” Na kweli walilifikisha. Nimeuona muhtasari. Limo kwenye kipengele cha “Mengineyo”, chini ya ununuzi wa sufuria.

Basi wiki hii, niliposikia kwamba timu mbili tofauti zimepanga kupita mtaani kwetu Jumamosi, nikachukua kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito, nikaandika tangazo, nikalifunga getini kwa waya: HAPA TULISHAHUBIRIWA (1891). NYUMBA YA KUSHOTO KUNA MZEE ANAWASUBIRI. KAHAWA IPO. NJOO UMEJIANDAA NA YOHANA 14.

Mzee wa Kilwa akatoka na msuli wake, akalisoma, akaenda ndani kutafuta miwani, akalisoma tena. Akaniomba kalamu, akaongeza chini kwa mwandiko wake wa kifundi: SPIKA ZIACHENI HUKO HUKO.

Jioni mpendwa wa upande wa kulia alipita akarudi nyuma, akasimama mbele ya tangazo muda mrefu. Akasema amebarikiwa sana. Akaniomba ngazi.